Kiti Mbele ya Tanuri

Mama mkwe wangu alilisoma kovu langu kabla hajaniuliza jina. Nilikuwa nimekuja kutambulishwa, nimevaa gauni la kuazima, nimeinamisha uso kama mtu aliyedondosha sindano. Nikampa mkono wa salamu. Akaugeuza kiganja juu kama anayekagua samaki sokoni.

"Hili la kitambaa kibichi," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitambaa kibichi, au siyo?"

Ilikuwa kweli. Nilipokuwa mtumishi wa jikoni kwenye hoteli moja, nilishika trei ya moto kwa kitambaa kilicholowa, nikidhani maji yatanipoza. Mwenye hoteli alinifukuza siku ileile, kosa la kwanza kumwaga nyama, kosa la pili kupiga kelele mbele ya wateja. Kazi niliyokuwa nayo kabla ya hiyo nilifukuzwa kwa kunyamaza sana. Ukitaka kumridhisha kila tajiri katika dunia hii, itabidi uzaliwe na mdomo wenye swichi.

"Kitambaa kikavu kina hewa katikati ya nyuzi zake," mama akaendelea, bado kaushika mkono wangu, na mwanawe kasimama pembeni hajui akae au atoke. "Hewa ni mvivu. Moto ukimtuma apeleke habari, anakaa njiani. Lakini maji ni mmbeya! Ukikilowesha kitambaa, umempa moto mmbeya wake. Habari zinafika mkononi kabla trei haijatoka mezani."

Nikacheka hadi nikasahau kwamba nilitakiwa kuwa na haya. Miaka yote nilikuwa nikidhani kovu lile ni alama ya ujinga wangu. Kumbe lilikuwa somo, ila mwalimu alichelewa kufika. Mwanawe ndiye aliyenioa, sikatai. Lakini aliyeniposa ni yeye.

Nyumba yao ilikuwa na ua wa saruji. Upande mmoja ilikuwapo karakana ya mume wangu, seremala, na upande wa pili tanuri la mama, la matofali, lenye mgongo wa mviringo na mdomo ulio usawa wa kitovu. Wageni hudhani mkate wetu huokwa na moto. Mkate wetu hauuoni moto hata siku moja. Kuni huwashwa ndani ya tanuri lenyewe, juu ya sakafu yake, nayo matofali yananywa joto taratibu kama ngamia anayejua safari ni ndefu. Masizi meusi ya paa la ndani yakishaungua pakawa peupe, makaa yanakokotwa nje, sakafu inapanguswa kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti, na mlango unafungwa. Hapo moto umeshaondoka. Kilichobaki ni deni ambalo matofali yatalilipa asubuhi nzima.

Kisha mama alikuwa akifungua mlango, anaingiza mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, anautuliza mle ndani kama mkunga.

"Bado," atasema. Au, "Haya."

Basi. Akisema haya, yanaingia maandazi ya kuoka, yale yanayopenda joto kali. Yakitoka, joto limepungua ukali, inaingia mikate mikubwa. Ikitoka, tunapanga vipande vya mkate wa jana vikauke, viwe vya kuchovya kwenye chai. Kila joto lilikuwa na mgeni wake, na mama hakuwahi kumkaribisha mgeni kwenye kiti cha mwenzake.

Na kufundisha je! Mwanamke yule hakuweza kukoroga uji bila kukupa elimu. Aliwahi kunikuta asubuhi nikiruka kwenye saruji nikikimbilia mkeka.

"Unakimbia nini?"

"Saruji ni ya baridi, mama. Mkeka una joto."

"Vimelala chumba kimoja usiku kucha, vitatofautianaje? Joto lao ni moja. Ila saruji ni jambazi, inakunyang'anya joto lako mara moja. Mkeka ni ombaomba, unakuomba kidogo kidogo. Wewe unachokisikia si baridi, ni wizi."

Tangu siku hiyo, kila nikikanyaga saruji asubuhi, nasema kimoyomoyo, shika adabu, jambazi wewe.

Sasa, watu walimwita Koleo. Jina hilo alilipata kwa sababu alikuwa akichomoa trei tanurini kwa mikono mitupu. Nilipofika, alifanya hivyo kwa wepesi, shika-weka, kama waokaji wote wenye ngozi iliyokomaa. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alizidi ushujaa. Alishika trei akatembea nayo. Alishika trei akasimama kuulizia habari za watoto wa jirani. Mama muuza chai, mwenye kibanda mbele ya lango letu, alikuwa akimletea kikombe cha bati kilichotoka kuchemka, makusudi, wateja wake waone. Koleo anakikumbatia kwa viganja viwili, anakunywa, anapiga soga.

"Huyo si mtu!" muuza chai anapaza sauti. "Huyo ni koleo lililovaa kanga!"

Tulipiga makofi. Mimi ndiye nilikuwa mpiga debe mkuu. Njoni mwone, nikisema, mama mkwe wangu moto unamwamkia shikamoo.

Halafu mikate ikaanza utovu wa nidhamu.

Siku moja kitako kimekuwa cheusi kama sufuria ya matanga, na juu mkate umepauka. Siku ya pili, mbichi katikati, ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole. Koleo akalaumu kuni. Kuni zikabadilishwa. Akalaumu unga. Unga ukabadilishwa. Akalaumu hamira, na ilipoisha orodha ya vitu vya kununuliwa, akanigeukia mimi.

"Unakanda kwa hasira."

"Mama, mimi sina hasira na unga. Nina hasira na watu wawili watatu tu, na hawako humu."

Wenye maduka tuliokuwa tukiwauzia wakaanza kurudisha mikate. Hawakugomba, waliiweka mezani polepole na kutazama pembeni, na hilo lilimuuma Koleo kuliko matusi.

Mume wangu aliona yote kutokea karakana. Anampenda mama yake kiseremala: hasemi neno, anachukua mbao. Akatengeneza kiti. Nisikidhulumu, kilikuwa kiti! Mgongo umepinda kufuata mgongo wa mtu, mikono imeviringwa, mbao imesuguliwa hadi ukiipapasa unaona aibu ya ngozi yako. Akakiweka barazani, kikielekea barabarani.

"Mama," akasema, "umetufanyia kazi maisha yako yote. Sasa kaa."

Koleo alikitazama kama mtu anayeonyeshwa jeneza na kuombwa aingie kidogo apime.

"Kiti kizuri," akasema. "Kipe kuku."

"Mama, sifanyi mzaha. Nimeshazungumza na mwashi. Tutalibomoa tanuri, matofali yale yanijengee ghala la mbao. Wewe utakaa hapa, upunge upepo, watu wapite wakuamkie."

"Niamkiwe hadi lini?"

Mimi niliinamia karai la unga, nikikanda kitu kilichokwisha kukandika zamani.

"Nipe tanuri la kesho," Koleo akasema hatimaye. "Tanuri moja. Mkate ukiharibika, nitakaa kwenye kiti chako, na mwashi wako aje na nyundo. Ukitoka mzuri, hutaligusa tofali langu hata moja."

"Haya, mama."

"Usiniambie haya. Haya ni neno langu."

Kesho yake alfajiri nilimkuta uani akimwaga maji, anaosha karai la unga. Saruji ilikuwa inang'ata. Mimi nilikuwa na ndara, na bado vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama jongoo. Mama alikuwa amesimama katikati ya dimbwi, mguu mmoja una ndara, wa pili mtupu, anaimba.

"Mama, ndara yako moja imebaki mlangoni."

Akainama kuutazama mguu. Hicho ndicho kilichonishtua. Mtu aliyekanyaga maji baridi hahitaji kutazama. Yeye aliutafuta mguu wake kwa macho, kama unavyomtafuta ndugu yako kwenye umati wa watu.

"Eh," akasema. "Kweli."

Alipoinua karai nikaona kifundo cha mkono: malengelenge mapya, mekundu, ya jana. Hakuwa amesema "aa" wala "mh".

Mimi ni mtu niliyechekwa na kufukuzwa katika jiko zaidi ya moja, na shule hiyo ina faida yake, unajifunza kutazama mikono ya watu kabla ya midomo yao. Nikaingia jikoni. Nikachukua vikombe viwili vya bati, kimoja nikatia chai iliyolala, kingine chai inayochemka. Nikavifunika vyote kwa visahani, mvuke usisaliti. Nikamletea.

"Mama, nisaidie. Kipi kimepoa?"

Akavishika, mkono huu na mkono huu. Akavishika kwa muda mrefu. Mimi chai ile nilikuwa nimeileta kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara mbili.

"Hiki," akasema, akinyanyua kile kinachochemka.

Nilikipokonya kabla hakijafika mdomoni. Tukatazamana. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa mtupu namna ile.

"Tangu lini, mama?"

"Miguu ilitangulia." Akaketi kwenye gunia la unga. "Halafu ncha za vidole. Nilidhani nimekomaa, mwanangu. Nilidhani hivi ndivyo inavyokuwa, moto unakuzoea."

"Na hukuuliza mtu?"

"Ningemuuliza nani? Nyinyi mlikuwa mnapiga makofi. Mtu akipigiwa makofi haulizi ni ya nini."

Hapo sikuwa na mzaha wa kutoa. Nilitafuta mfuko huu na mfuko huu, sikupata.

"Usimwambie mwanangu," akasema.

"Leo sitamwambia. Lakini kwa daktari tutakwenda, hata kama nitakubeba mgongoni kama gunia. Mficha maradhi, mama..."

"Najua mwisho wake, usinimalizie." Akasimama, akajifuta uso kwa kanga. "Tanuri limeshashiba. Kokota makaa."

Nikakokota makaa, nikapangusa sakafu, gunia bichi likipiga kelele juu ya matofali. Tukafunga mlango tukangoja. Tulipofungua, mama alisimama mbele ya mdomo ule wa giza, mkono wake ukaenda wenyewe kama ulivyozoea, kisha ukarudi.

"Ingiza wewe," akaniambia.

Nikaingiza mkono. "Moto, mama."

"Moto wa namna gani?"

"Moto... wa moto."

"Mungu wangu. Wewe unaujua moto kama mgeni anavyoujua mji: stendi tu, basi." Na hapo akacheka, jamani, asubuhi ile, na kiti kile kikimngoja barazani. Akainama ili anionyeshe pahala pa kuuweka mkono, na uso wake ukafika mbele ya mdomo wa tanuri.

Akarudi nyuma ghafla.

"Nini?"

"Shavu," akasema. "Limenichapa."

Kisha akainama tena, safari hii polepole, akauelekeza upande mmoja wa uso ndani, macho amefumba, kama anayesikiliza ukutani majirani wakigombana. Akageuza upande wa pili.

"Shavu liko hai," akanong'ona. "We mwanangu, shavu liko hai! Paa limejaa vizuri. Lakini kona ya kulia ni dhaifu, makaa hayakukaa huko. Usiweke mkate kule."

"Umejuaje bila kugusa?"

"Jua unaligusa? Paa halingoji kuguswa. Matofali yakishapata moto yanautupa yenyewe, unavuka hewa hata hauiombi njia, unakuja kumpiga yeyote aliye mbele yake." Akafungua macho. "Ila sakafu haipigi shavu langu. Sakafu inasubiri kukanyagwa. Hapo ndipo tulipounguzia vitako vyote vile! Mkono ulikuwa ukinidanganya yote mawili, joto la paa na la sakafu. Lete unga."

Akachota unga kwa vidole vitatu, akaurusha juu ya sakafu ya tanuri. Ukawa mweusi papo hapo, ukafuka moshi.

"Jambazi," akasema. "Angekula vitako vyote. Funga mlango."

Tukangoja. Akafungua, akainama, shavu la kulia, shavu la kushoto, unga. "Bado." Tukafunga. Mara ya tatu, magoti yake yakaanza kutetemeka, maana mdomo wa tanuri uko usawa wa kitovu na yeye si msichana. Kukaa umeinama vile, kichwa mbele ya joto, ni adhabu ya shule ya bweni. Nikamwona anaushika ukuta.

Nikatoka mbio hadi barazani, nikakibeba kile kiti pamoja na mikono yake ya kuviringwa, nikakitia mbele ya tanuri.

Alikitazama. Akanitazama. Akakaa.

Kilikuwa kirefu kidogo. Ilimbidi ainamishe shingo kama twiga anayekunywa maji. Lakini magoti yalipumzika. Na hivyo ndivyo mume wangu alivyotukuta, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kiti kiko wapi?" Kisha akaona. "Mama! Unafanya nini hapo?"

"Nimekaa," Koleo akasema, macho yamefumbwa, shavu ndani. "Si ulisema nikae?"

Mama akarusha unga. Safari hii haukuungua. Ulikaa, ukajifikiria, ukageuka taratibu hadi ukawa na rangi ya chai ya maziwa.

"Haya," akasema Koleo.

Nikaingiza mikate kwa beleshi la mbao, mmoja baada ya mwingine. Ulipobaki mmoja na nafasi ikawa imekwisha, niliusukumia kona ya kulia. Mazoea yana taabu. Nikaufunga mlango, nasi watatu tukangoja bila kuzungumza. Harufu ndiyo iliyozungumza. Kwanza harufu ya unga, kisha ya hamira, kisha ile ya ganda linaloanza kupata rangi, ambayo ikifika barabarani watu hupunguza mwendo bila kujua kwa nini.

Nilipotoa mkate wa kwanza, mama hakuushika kwa mikono mitupu. "Kitambaa kikavu," akasema, nami nikamkunjia. Akaugeuza, akaugonga kitako kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Ukaitika kama mlango wa chumba kisicho na vyombo.

"Umeiva."

Kitako kilikuwa cha dhahabu. Juu dhahabu. Yote ilikuwa hivyo, isipokuwa mmoja, wa kona ya kulia, uliotoka mweupe kama bwana harusi aliyebadili mawazo.

"Huo," Koleo akasema, "ni wa mkwe wangu. Atakula mwenyewe."

Mume wangu akaupasua mmoja mzuri. Mvuke ukampanda usoni. Akatafuna, akameza, akautazama mgongo wa tanuri lile kwa muda.

"Nitamwambia mwashi asije," akasema.

Mama angeweza kuishia hapo. Ningekuwa mimi, ningeishia hapo. Ushindi ukishaupata unaukunja unauweka kabatini. Lakini Koleo aliinuka kwenye kiti, akamwendea mwanawe, akaiweka mikono yake miwili juu ya viganja vya mwanawe.

"Mikono hii haisikii," akasema. "Na miguu haisikii. Mikate iliharibika kwa sababu yangu, si kuni, si unga, si mkwe. Leo nimeoka kwa shavu."

Mume wangu aliugeuza mkono ule, kama mama alivyougeuza wangu zamani, akayaona malengelenge. Akayapuliza, huh, huh, kama unavyompuliza mtoto aliyeanguka.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungeniletea kiti."

"Nilikuletea."

"Ndiyo. Kirefu mno. Kata miguu."

Mwanamume yule alipiga magoti kwenye saruji, akapima kwa penseli kutoka chini hadi kwenye mdomo wa tanuri, akapima kutoka kwenye kiti hadi kwenye shavu la mama yake, akaenda kuleta msumeno. Kiti alichokisugua wiki nzima! Alikikata miguu bila kuguna. Vile vipande Koleo aliviokota akavitia kwenye kuni za kesho. "Mbao nzuri," akasema. "Haiwezi kukosa kutoa joto la heshima."

Alasiri ileile tulikwenda zahanati. Daktari alimchoma kidole, akapima, akasema ni sukari, na kwamba imekuwamo muda mrefu. Alisema mishipa iliyokwisha kufa ganzi huenda isirudi, lakini kuna mingi ya kuokoa. Akampa dawa, akamwamuru avae viatu vya kufunika miguu na aikague miguu yake kila siku kwa macho. Mama alimsikiliza vizuri sana, kisha akamweleza kwa nini dirisha lake la bati lilikuwa likimwokea wagonjwa. Daktari akaandika.

Kesho yake mama muuza chai alivuka barabara na kikombe chake cha bati, mvuke ukipepea, wateja wakinyoosha shingo. Koleo alikuwa mbele ya tanuri, kwenye kiti kifupi chenye mikono ya kifalme, viatu miguuni, shavu moja jekundu.

"Koleo! Waonyeshe!"

Mkono wake ukanyooka. Ukasimama njiani. Akaurudisha mapajani, akanigeukia mbele ya watu wote wale.

"Mkwe, kimepoa?"

Nikakigusa kwa ncha ya kidole, nikaurudisha mkono upesi nikipuliza.

"Bado," nikasema.

"Haya," akasema, akarudisha shavu kwenye tanuri. "Kiweke juu ya ubao, si juu ya saruji. Nataka kipoe, sitaki kiibiwe."